Plastiki si lenzi?

Msomaji, fundi mmoja wa picha pale Embu mjini aliwahi kuniambia: "Plastiki si lenzi." Alikuwa na sababu. Alijifunza kazi kwa lenzi ya aina ya Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1902: vipande vinne vya kioo, vyote vya kusagwa na kung'arishwa. Mwaka 1986 Fujifilm ikaleta kamera ya kutumia mara moja tu, lenzi yake plastiki. Wateja, wengine kutoka Meru, walimletea filamu zake aoshe, na nyuso za pembeni zilikuwa zimefifia.

Lakini plastiki humiminwa kwenye kalibu (sisi waandishi wa programu twapenda vitu vya kunakilika), basi hata umbo gumu, ambalo kulisaga kwenye kioo ni gharama kubwa, hutoka maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana lenzi za simu nyingi ni plastiki, tano au zaidi zikipangwa pamoja. Kioo unachogusa nje ni kifuniko tu. Joto hutanua plastiki kuliko kioo, kwa hiyo kamera kubwa bado hutegemea kioo.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Studio imefungwa, simu zimemaliza wateja. Akanionyesha ile lenzi yake: unyevu wa mlimani umeiotesha kuvu ndani. Akatoa simu mfukoni, akaipiga picha.