Kitabu cha Mapenzi Chini ya Mto: Raha Tuliyoambiwa ni Uhuni

Wenzetu wa Ulaya wana msimu kabisa wa kusoma hadithi nyepesi za mapenzi. Jua likiwaka na shule zikifungwa, mtu anabeba kitabu chake mpaka ufukweni, anacheka, analia kidogo, ukurasa wa mwisho wapendanao wanapatana, basi, anarudi kazini roho kwatu. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na mpaka leo inaishi kwa raha hiyo hiyo.

Sisi nasi tuna msimu wetu, ila hatujaupa jina. Likizo ya Juni! Chukua Kasanda, kule nyanda za juu za Kigoma, Kibondo ya zamani ambayo siku hizi ni Wilaya ya Kakonko. Juni mvua zimekata, maharage yako ndani, jioni kuna kaubaridi fulani. Ndio wakati wa kujilaza mkekani na kitabu. Sasa jiulize, hicho kitabu kilifikaje huko? Na kwa nini wazazi wetu walikisoma kwa kujificha?

Turudi nyuma. Miaka ya 70 nchi nzima ilikuwa darasani. Bibi na babu walikwenda kwenye kisomo cha watu wazima, na mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Katikati ya miaka ya 80 serikali ilihesabu kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Si mchezo. Shida ikawa moja: wamejua kusoma, haya, wasome nini? Vingi vilivyokuwepo vilikuwa vya shule, siasa na kilimo bora. Havina ubaya, lakini mtu aliyeshinda na jembe hataki jioni asomewe tena habari za mbolea.

Halafu uchumi ukabana. Vita ya Kagera ya 1978–79 ilikula hela, mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Vitabu vya nje vikaadimika. Hapo ndipo vijana wa mjini walipoona mwanya. Waliandika, wengine wakachapisha kwa hela zao wenyewe, vitabu vyembamba vya kuingia mfukoni, vikauzwa barabarani. Hammie Rajab alikuwemo. Kajubi Mukajanga naye alikuwemo, na vitabu kama *Tuanze Lini?* na *Mpenzi*. Na ukicheka utacheka: huyo huyo Mukajanga ndiye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Habari, anasimamia maadili ya wanahabari nchi nzima!

Wasomi waliziita riwaya pendwa. Wazazi wengi waliziita uhuni tu. Na woga wa mapenzi kwenye karatasi ulikuwepo hata kwa vitabu vizito: *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kabla ya kukubalika baadaye. Kama hiyo ilizuiwa, unadhani hadithi ya kujiburudisha tu ingeachwa? Ikakaa chini ya mto, ndani ya daftari la hesabu, kwenye sanduku la bweni.

Sasa habari ya nyumbani. Mmoja wa waliotamba kuliko wote, Ben R. Mtobwa, alikuwa mtoto wa Kigoma. Alizaliwa 1958. Ndiye aliyetupa Joram Kiango, mpelelezi mtanashati, na Nuru, binti ambaye wasomaji walimsubiri kama wanavyomsubiri Joram mwenyewe. Mwaka 1990 ikatoka *Dar es Salaam Usiku*, ambayo mpaka Kiingereza ilitafsiriwa. Alifariki 2008. Yaani mtu wa kwetu bara, mbali kabisa na bahari, ndiye aliyewafundisha Watanzania kuuota usiku wa Dar.

Kwa msomaji wa Kasulu au Kibondo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nyumbani kulikuwa na Kiha. Kiswahili kilikuwa cha mwalimu, cha mtihani, cha ofisini. Hadithi ya mapenzi ikakipa kazi nyingine: kutongoza, kununa, kuombana msamaha. Na ilifika kwa shida. Reli iligonga Kigoma mwaka 1914 lakini haikupita Kasulu wala Kibondo, kwa hiyo kitabu kilikuja na mtu, kwa barabara ya vumbi. Kilipitishwa mkono kwa mkono mpaka jalada likatoka, mpaka kurasa za mwisho zikapotea, na wa mwisho kuazima ikabidi asimuliwe mwisho wake.

Tusizipambe kupita kiasi. Nyingi ziliandikwa na wanaume, na dada mrembo mara nyingi alikuwa ama mtego ama wa kuadhibiwa. Hadithi nyepesi ambayo binti anachagua mwenyewe, anacheka, na hafi mwishoni, tuliisubiri sana.

Baadaye yakaja magazeti pendwa. Eric Shigongo, aliyekuja kuwa mbunge wa Buchosa, aliwatesa watu kila wiki na neno moja: "Itaendelea". Gazeti lilikwenda mikoani kwa basi, wa Dar anajua kilichotokea, wa mbali bado anaumwa roho. Leo mwenye simu na bando Kasanda anapata sehemu mpya dakika ile ile na wa Sinza. Mtunzi anarusha sehemu za mwanzo bure, zilizobaki unalipia kwa simu.

Ila ugonjwa ni ule ule, umebadili nguo tu. Zamani jalada lilichanika, jina la mtunzi likapotea. Siku hizi mtu ananakili hadithi, anafuta jina, anairusha kwenye magrupu kama yake. Vile vitabu vya miaka ya 80 vingi huvipati tena, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa raha ni kitu cha kutunza.

Kwa hiyo likizo hii soma hadithi yako ya mapenzi, tena hadharani, na ukicheka cheka kwa sauti. Mlipe aliyeiandika, na ukimtumia rafiki yako, liache jina la mtunzi pale juu.