Songwe Ipi? Tarehe ya Jina Moja

Ukifika stendi ya Kyela ukasema unakwenda Songwe, utaulizwa kwanza: Songwe ipi? Sisi wa Bujonde, wakulima wa mpunga na kokoa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, tuna haki ya kuuliza, maana jina hili tumeishi nalo tangu enzi za mababu.

Asili yake kwetu ni maji. Mto Songwe unashuka kutoka milima ya Ileje, unapita Kasumulu na kuingia ziwani. Ng'ambo, upande wa Karonga nchini Malawi, wapo Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa wa huku kwetu, na lugha zao zinasikilizana. Mwenye mtumbwi akishika pondo na kupakia abiria wawili na kiroba cha mchele, baada ya dakika chache wameshafika nchi nyingine.

Nchi hizo mbili zilitokana na kalamu. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba ulioufanya mto huu kuwa mpaka wao, na mwaka 1898 tume ya wapimaji ikaja. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na Nyasaland ikawa Malawi tarehe 6 Julai 1964. Mpaka ulirithiwa, lakini mto haukutulia. Bonde la chini ni tambarare na udongo wake ni laini. Masika yakizidi, maji hukata kona mpya na kuacha mkondo wa zamani, na shamba lililokuwa upande huu huonekana upande wa pili. Ndiyo maana mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitiliana saini mkataba wa kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe.

Jina nalo limeenea. Vuka daraja la Kasumulu: kituo cha mpakani cha Malawi nacho kinaitwa Songwe. Kuna tena mto mwingine kabisa, Songwe wa magharibi mwa jiji la Mbeya, unaokwenda Ziwa Rukwa. Mito hii miwili haikutani popote. Kando ya huo wa Rukwa kuna mapango ya popo, chemchemi za maji moto na kiwanda cha saruji; na Desemba 2012 uwanja wa ndege ulianza kazi huko, nao ukapewa jina la Songwe. Mwaka 2016 ukazaliwa Mkoa wa Songwe, makao yake Vwawa, na ndani yake kuna Wilaya ya Songwe, makao yake Mkwajuni, iliyomegwa kutoka Chunya. Mbali zaidi, nchini Zambia, kuna korongo la Songwe chini ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya.

Sasa angalia. Uwanja wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, si Mkoa wa Songwe. Kata ya Katumba Songwe iko Kyela, nayo ni Mbeya. Jina la Kiwira nalo ni vivyo hivyo: kuna mto, kuna mji mdogo wilayani Rungwe, kuna mgodi wa makaa ya mawe kule Ileje, na kuna bandari huku kwetu Kyela. Anayetuma mzigo kwa jina peke yake anaweza kuusubiri mahali ambapo hautafika.

Sioni kosa kwa majina kufanana. Mito iliwapa watu majina na watu wakaipa mito majina, na jina zuri halina mwenyewe. Kosa ni kulisahau chimbuko lake. Mtoto wa Bujonde anayefundishwa kwamba Songwe ni mkoa tu amenyimwa nusu ya historia yake. Walimu, wapelekeni watoto ukingoni wakauone mto. Wazee, wasimulieni wajukuu majina ya vijito na mikondo iliyokauka kabla hamjaondoka nayo. Nasi tunaoandika barua na stakabadhi, tuongeze neno moja: Songwe ya wapi.

Mto ulikuwapo kabla ya mpaka, kabla ya uwanja na kabla ya mkoa.