Mfugaji na Mkulima Katika Mizani ya Afya

Siku moja alasiri wanafunzi wangu hapa Isiolo walifanya mjadala. Hoja iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: "Chakula cha mimea hudumisha afya kuliko chakula cha nyama." Msichana mmoja, ambaye jamaa zake hulima katika miteremko ya Meru, alisimama kuunga mkono. Alisema kwamba babu yake amepita umri wa miaka 80, hushika jembe kila asubuhi, na nyama huionja harusini na sikukuu tu. Mvulana wa Kiborana akasimama kumpinga. Babu yake naye, alisema, ni mzee wa makamo yale yale. Amekulia maziwa na nyama, na hata leo hutoka alfajiri nyuma ya ngamia wake asirudi mpaka jua limepinda. Darasa zima likacheka, kwa maana mashahidi wote wawili walikuwa wa kweli, na ushahidi wao ulipingana. Kura zilipohesabiwa, zikawa sawa.

Waliniomba niamue. Sikuamua, niliwaahidi kwamba nitawaandikia habari za watu waliouliza swali hilo katika nchi yetu kabla yao, na majibu waliyopata. Ahadi ni deni, na insha hii ndiyo malipo yake.

Yafaa kwanza kutazama mahali tulipo. Isiolo ni mji wa mpakani mwa aina mbili za maisha. Kusini yetu ni Mlima Kenya na mashamba ya Meru, ambako hutoka ndizi, maharagwe, viazi na kabichi. Kaskazini ni nyika iendayo mpaka Marsabit na Moyale, nchi ya Waborana, Wasamburu, Waturkana, Warendile na Wasomali, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Asubuhi wanawake hukusanya maziwa ya ngamia mjini na kuyapakia katika mabasi yaendayo Nairobi. Saa hiyo hiyo mboga za Meru hushushwa sokoni. Kwa hiyo swali la wanafunzi wangu halikutoka kitabuni. Lilitoka katika vikapu vya mama zao.

Swali hili lilipimwa kwa mizani ya kitaalamu mara ya kwanza nchini mwetu katika miaka ya 1920. Daktari John Gilks alikuwa mkuu wa idara ya utabibu ya serikali ya kikoloni. Yeye na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, walilinganisha watu wa makabila mawili yaliyo jirani: Wamasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, walioishi kwa nafaka, viazi, ndizi na jamii ya maharagwe. Taarifa yao ilichapwa London mwaka wa 1931. Ilisema kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwanamume wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na kwamba nguvu za misuli yake zilizidi kwa nusu nzima. Miongoni mwa Wakikuyu yalionekana zaidi meno yaliyooza, upungufu wa damu, vidonda na maradhi ya mapafu. Miongoni mwa Wamasai yalionekana zaidi maumivu ya viungo na kufunga choo.

Taarifa hiyo ilisifiwa sana. Orr mwenyewe alipanda cheo: mwaka wa 1945 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtu angeweza kusema kwamba kesi imekwisha na mfugaji ameshinda.

Lakini mwanafunzi wa historia hapokei hukumu kabla ya kuuliza habari za mahakama. Wakikuyu waliopimwa hawakuwa wakulima waliokaa raha katika nchi ya baba zao. Tangu mwanzo wa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilikuwa imetwaa sehemu kubwa ya ardhi yao na kuwagawia walowezi. Wenyeji walibanwa katika maeneo waliyotengewa, wakatozwa kodi, na wanaume wengi wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, ambako posho yao ilikuwa unga wa mahindi. Mahindi meupe yalikuwa yakichukua mahali pa mtama na uwele wa zamani. Mizani ya Orr na Gilks ilipima mwili wa Mkikuyu; haikupima shamba alilonyang'anywa.

Tena taarifa ile ile ilikuwa na shahidi ambaye wasomaji wengi walimpita bila kumsikiliza. Wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi mengi kuliko waume zao, na tofauti baina yao na wanawake wa Kimasai ilikuwa ndogo kuliko ile ya wanaume. Kumbe chakula cha mimea hakikuwa kitu kimoja hata ndani ya boma moja. Mwaka wa 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia kazi ile, akaonyesha jinsi watafiti walivyoyaona makabila mawili kama visanduku viwili vilivyofungwa. Kwa kweli watu hao walikuwa majirani waliobadilishana vyakula. Wanawake wa Kikuyu walipeleka nafaka Umasaini, na Wamasai walipopatwa na ukame walikimbilia kwa wakulima. Mkikuyu naye alifuga mbuzi na ng'ombe, na nyama haikukosekana katika sherehe zake.

Baada ya miaka 30 swali lilirudi kwa sura nyingine. Huko Ulaya na Marekani magonjwa ya moyo yalikuwa yakiua watu wengi, na wataalamu walishuku mafuta ya wanyama. Wakamkumbuka mfugaji wa Afrika. Ikiwa mafuta ya maziwa na nyama huziba mishipa, mbona yeye yu mzima? Daktari A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, Uganda, alikwenda kwa Wasamburu, majirani zetu hapa Isiolo, na mwaka wa 1962 akatangaza aliyoyaona. Vijana wa rika la moran walikunywa maziwa kwa wingi wa ajabu. Hata hivyo mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli yalikuwa machache, na shinikizo la damu halikupanda kwa wazee kama lilivyopanda kwa wazee wa Ulaya. Mwaka wa 1964 Mmarekani George Mann alitoa habari kama hizo baada ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai huko Tanganyika.

Hapo tena mtu angepiga kelele kwamba nyama imeshinda. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, mfugaji huyo hakuwa mla nyama kama watu wadhanivyo. Chakula chake cha kila siku kilikuwa maziwa. Nyama ililiwa katika sherehe, katika ugonjwa na wakati wa kiangazi kikali. Hata supu ya nyama ilitiwa magome na mizizi ya miti. Pili, Mann hakukoma pale. Mwaka wa 1972 alieleza habari za mioyo ya Wamasai 50 waliokufa. Mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta, sawa na ya Wamarekani wazee. Lakini ilikuwa imetanuka, hata damu ikapata njia pana ya kupita. Alidhani kwamba sababu ni mwendo wao, kwani Mmasai alitembea kutwa. Basi mafuta yalikuwapo. Miguu ndiyo iliyomwokoa.

Katika miaka ile ile upande wa mimea nao ulipata wakili wake, naye pia alikuwa Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa ya matumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kansa ya utumbo mpana na kidole tumbo, yalikuwa adimu miongoni mwa watu wa mashambani waliokula ndizi, viazi, maharagwe na nafaka isiyokobolewa. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliufundisha ulimwengu thamani ya nyuzinyuzi za mimea, ambazo hapo awali zilihesabiwa kuwa makapi tu.

Tazameni basi jambo la ajabu. Mashahidi wakuu wa pande zote mbili walitoka katika nchi zetu: Msamburu wa maziwa na mkulima wa ndizi. Kila mmoja alikuwa mzima katika maisha yake. Je, tusemeje?

Jibu lilipatikana pale watu walipoyaacha maisha hayo. Vijana wa Kisamburu waliandikishwa katika jeshi la Kenya, na Shaper na wenzake wakawafuata huko kwa vipimo. Habari zao zilitangazwa mwaka wa 1969. Jeshini walikula posho yenye chumvi nyingi kuliko waliyoizoea nyumbani, na shinikizo la damu yao likapanda. Katika miaka ya 1980 watafiti wengine waliwafuata Wajaluo waliohama vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi, na matokeo yakachapwa mwaka wa 1990. Hawa walikuwa watu wa nafaka, mboga na samaki, wala hawakufanana na Wasamburu kwa chakula. Lakini miezi michache tu baada ya kufika mjini shinikizo lao nalo lilipita la wenzao waliobaki. Chumvi ilikuwa imeongezeka katika chakula chao, na madini ya potasiamu, yapatikanayo katika mboga na matunda, yalikuwa yamepungua. Mfugaji na mkulima waliingia kwa milango miwili tofauti, wakakutana katika chumba kimoja.

Kwetu Isiolo wako ambao hawakuyaacha maisha yao kwa hiari. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 vita vya Shifta vilienea kaskazini mwa Kenya mpaka mwaka wa 1967. Waborana wengi wa wilaya hii walikusanywa katika kambi zilizolindwa na askari, kama ile ya Garba Tulla na ile ya Merti, wasiruhusiwe kuyafuata malisho. Mifugo mingi ilikufa kwa njaa na maradhi. Mingine ilitwaliwa, mingine ilipigwa risasi. Ukame wa miaka ya 1970 ulimaliza masalio. Watu waliozaliwa katika maziwa walipanga foleni kupokea unga wa mahindi. Wazee wa Kiborana huuita wakati ule "gaaf daaba", siku ambazo kila kitu kilisimama. Hao nao, ukiwatazama kwa jicho la mwenye kupima tu, ungewaandika kuwa ni watu wa chakula cha mimea. Na kama mwili wao ulidhoofika, ungesema mimea ndiyo iliyowadhuru.

Majirani zetu wa Marsabit wanatoa ushahidi wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha watoto wa Kirendile waliohama na mifugo na wale wa jamaa zilizokaa karibu na miji. Waliohama walikunywa maziwa mengi zaidi, na miili yao ilistahimili ukame vizuri kuliko ya wenzao. Mtoto aliyepoteza ng'ombe bila kupata shamba amepoteza chakula cha pande zote mbili.

Elimu ya leo inatufundisha nini? Mwaka wa 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba nyama iliyotengenezwa viwandani, kama soseji, husababisha kansa ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kufanya hivyo. Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Maharagwe, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa husaidia moyo na matumbo. Lakini asiyekula kitu chochote cha mnyama hukosa vitamini B12, isiyopatikana katika mimea, na lazima aitafute kwa njia nyingine. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Hawa si Wasamburu wa Shaper, wala si wakulima wa Burkitt. Ni wajukuu wao.

Sasa narudi kwa wanafunzi wangu wawili. Msichana alisema kweli juu ya babu yake, na mvulana alisema kweli juu ya babu yake. Walikosea katika jambo moja, kwamba kila mmoja aliutazama mdomo wa mzee wake akaisahau miguu yake. Wazee hao wawili wote hutoka alfajiri. Wote hula kitokacho mahali wanapopajua. Sukari, chumvi na mafuta ya kukaangia viliwafikia ukubwani, tena kidogo kidogo. Wanafanana wao kwa wao kuliko kila mmoja anavyofanana na mjukuu wake, ambaye wakati wa mapumziko humwona akinunua mandazi, chipsi na soda katika kibanda kile kile anachonunua mpinzani wake.

Kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja amwendee mzee wa jamaa yake, amwulize mambo matatu: ulikula nini ulipokuwa na umri wangu, ulikipata wapi, na ni nini kilichokuondolea chakula kile? Andikeni majibu yake kama atakavyoyasema. Tukishayasoma yote darasani, ndipo tutakapopiga kura tena.