Sayansi ya Mikono Maabara Zilipofungwa

Tarehe 18 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliamuru vyuo vikuu vifungwe kama shule zilivyofungwa jana yake, na wanafunzi wa sayansi wakatawanyika makwao, hata katika vijiji kama vya Didia, kando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Tinde, ilhali maabara zao zimebaki nyuma chini ya kufuli.

Mhadhara husafiri kwa simu, praktiko haisafiri. Mwanafunzi wa kemia apimaye nguvu ya alikali hutikisa chupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hukaza na kulegeza koki ya bureti, mpaka tone moja tu ligeuze umanjano wa kiashiria cha methili oranji kuwa rangi ya chungwa, na likizidi hilo moja sharti aanze upya. Walimu wengi ulimwenguni walirikodi majaribio kwa kamera, wakawapa wanafunzi vipimo vilivyokwisha kupatikana wavifanyie hesabu, au wakawaelekeza kwenye maigizo ya kompyuta kama ya PhET, aliyoyaasisi Carl Wieman huko Colorado mwaka 2002. Tadbiri hizo zilifaa kwa dharura, walakini zilifundisha kuyasoma matokeo, si kuyapata.

Waliotangulia kufundisha sayansi kwa mbali walilitambua hilo mapema. Open University ya Uingereza, ilipoanza masomo mwaka 1971, iliwapelekea wanafunzi majumbani masanduku ya vifaa, na ndani yake hadubini ndogo ya plastiki iliyobuniwa na John McArthur. Nacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilichagua kuwakusanya wanafunzi wake kwa majira katika maabara za vyuo vingine.

Hapo ndipo ninapoona fursa iliyotupita. Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakachangishwa. Bureti na methili oranji ni vifaa vya kidato cha nne, hivyo mwanafunzi wa chuo aliyerudi kijijini angeweza kufanyia praktiko yake katika sekondari ya kata ya kwao. Kwa hiyo vyuo, vilivyofunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, na viandikiane mapatano na shule hizo sasa, kabla ya dharura nyingine: nani ataingia, wangapi kwa zamu, nani atagharimia kemikali, na ufunguo utakaa kwa nani.