Papasi wa Njia ya Misafara

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Leo twataka kuwasimulia habari za kile kilichowala wasafiri wa zamani, nacho kilikuwa sakafuni mwao.

Kigwa ni kijiji kilicho mashariki ya Tabora, katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo. Kwa njia hiyo wapagazi walichukua nguo na ushanga kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu. Burton na Speke waliifuata wakafika Kaze, karibu na Tabora, mwezi wa Novemba 1857. Kutoka huko njia iliendelea mpaka Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo katika Kongo.

Kila kambi ilikuwa na vibanda, na msafara mmoja ukiondoka mwingine ulilala pale pale. Katika mavumbi ya vibanda hivyo aliishi papasi. Yeye ni jamii ya kupe, lakini hashiki mwilini siku nyingi kama kupe wa ng'ombe. Hutoka usiku, hunyonya damu, kisha hurudi katika nyufa kabla ya mapambazuko. Aliyeumwa hushikwa na homa baada ya siku kadhaa. Homa humwacha, naye akidhani amepona, humrudia tena.

Wenyeji walimjua papasi, na Livingstone aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1857. Lakini kujua ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo jingine. Je, ni kitu gani kilichoingia katika damu?

Mwaka 1868, huko Berlin, mganga Otto Obermeier alitazama kwa hadubini damu ya wagonjwa wa homa ya kurudia ya Ulaya, akaona vijidudu vyembamba mfano wa nyuzi zilizosokotwa. Homa hiyo, kama ilivyojulikana baadaye, huletwa na chawa. Mwaka 1904 Ross na Milne, waliokuwa Uganda, walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa homa ya papasi ina vijidudu vya namna hiyo.

Ndipo Joseph Dutton na John Todd, waliotumwa kutoka Liverpool, walipofanya kazi yao katika Kongo. Waliwaacha papasi wawaume nyani, na nyani wakapata homa. Tena waliona kwamba hata watoto wa papasi, waliotoka mayaini na wasiowahi kumnyonya mgonjwa, waliweza kuambukiza. Kwa hiyo kibanda kikiisha kuhamwa na wagonjwa, hatari hubaki ndani. Wote wawili waliugua, na Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Mwaka huo huo Robert Koch, naye akichunguza papasi wa vibanda vya njia za misafara katika nchi hii, aliviona vijidudu ndani ya mayai yao.

Mwaka 1906 wataalamu wa Marekani, Novy na Knapp, walivilinganisha vijidudu hivyo na vile vya Ulaya, wakasema ni aina nyingine, wakaviita kwa jina la Dutton. Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 2008 wataalamu waliosoma urithi wa aina zote mbili walikuta kwamba ni ndugu wa karibu mno, hata wakaona kile cha chawa kuwa ni tawi lililotoka katika kile cha papasi. Basi kilichodhaniwa kuwa kigeni ndicho kilichoelekea kuwa mzee.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na vibanda vya misafara vikaachwa. Papasi hakuondoka pamoja na wapagazi. Alikaa katika nyumba za udongo, na waliozidi kuumia ni watoto wachanga na mama wajawazito. Kwa hiyo tusimdharau kwa udogo wake. Tuzibe nyufa, tusakafu nyumba zetu, tulale juu ya kitanda. Na homa ikirudi mara ya pili, tupeleke mgonjwa hospitali, damu yake ikatazamwe.