Sumu Inayolala Topeni

Leo maneno yetu ni ya maji na matope.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua maelfu. Visima vya Mji Mkongwe wakati ule vilizungukwa na uchafu. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alivuta maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Nasi huambiwa tangu utotoni: chemsha maji. Kwa vijidudu ni kweli. Lakini iko sumu moja, aseniki, haijali moto. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe imebaki palepale sufuriani.

Aseniki hukaa ndani ya mawe, na mara nyingi hufuatana na dhahabu. Sisi kisiwa chetu ni cha matumbawe, dhahabu hatuna. Ndugu zetu wa Geita wanayo. Mgodi wao ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Mawe yakisagwa na mabaki yakaachwa nje, mvua huweza kuiosha aseniki ikaingia vijitoni na ziwani.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Ziwani, aseniki hushikana na kutu ya chuma, ikazama chini. Maji ya juu yakipimwa ni mazuri, basi watu husema sumu imekwisha. Imekwisha wapi! Majani yakioza chini, vijidudu humaliza oksijeni. Ile kutu huyeyuka, na aseniki iliyoshikwa ikaachiwa majini. Oksijeni ikirudi, kutu hujiunda na kuishika tena. Kule Yellowknife, nchini Kanada, mgodi wa Giant ulianza kutoa dhahabu 1948, na moshi wa matanuri yake ukaimwaga aseniki juu ya maziwa ya jirani. Uchimbaji ulikoma 2004. Matope ya maziwa yale yangali yanaitoa hadi leo.

Sasa wewe wa bonde la Cheju utauliza, yanihusu nini? Jaruba lililojaa maji ni ziwa dogo, bwana. Tope lake halina hewa, na kama udongo au maji ya kumwagilia yana aseniki, mpunga huinyonya kuliko nafaka nyingine. Sisemi mchele wetu una sumu. Nasema ukichimba kisima kipya, usiridhike kwa kuonja: aseniki haina rangi, harufu wala ladha, ni kipimo tu kiwezacho kuiona. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, tangu 1993, ni mikrogramu 10 kwa lita.

Bangladesh walichimba visima vya pampu kwa mamilioni, hasa tangu miaka ya 1970, ili wayakimbie maji machafu ya mabwawa. Aseniki ikagunduliwa humo mwaka 1993. Wapimaji wakapita vijijini na rangi: pampu salama kijani, yenye sumu nyekundu. Kina mama wakawa wanaipita pampu ya mlangoni pao, ndoo mkononi, wakiitafuta ya kijani.