Siri Iliyozaliwa Kadamnasi

Mwaka 1949 Claude Shannon, bingwa wa maabara ya Bell nchini Marekani, alithibitisha kwa hisabati jambo lililo zito kwa kila mwenye siri: ya kwamba waraka hausalimiki kabisa mbele ya adui mwenye akili isiyo na ukomo, ila ufungwe kwa ufunguo wa siri ambao kadiri yake haipungui kadiri ya habari iliyomo. Basi wawili waliotengana, wasio na tarishi amini wa kuwabebea ufunguo huo, wataupata wapi?

Jawabu lilianza kuchomoza pale ambapo wahandisi hawakuzoea kutafuta heri, yaani katika kelele zinazochafua mawasiliano. Aaron Wyner, naye wa maabara ile ile, alionyesha mwaka 1975 kwamba mdukuzi akisikia vibaya kuliko mpokeaji halali, kelele huwa pazia la kusitiri maneno. Lakini ni nani awezaye kumwamuru adui asikie vibaya?

Ueli Maurer wa Zürich, katika kazi yake ya mwaka 1993 ambayo kwangu mimi ndiyo kilele cha habari hii, aliliondoa sharti hilo. Katika mfano wake satelaiti hutangaza biti za nasibu kwa nguvu hafifu. Sahibu wawili huzipokea zikiwa na makosa, na adui vilevile, hata ikiwa antena yake ni bora kuliko zao. Kisha wawili wale huzungumza kadamnasi, adui akisikia kila neno ingawa hawezi kuligeuza. Wa kwanza huchagua biti moja, akairudia mara kadhaa, kila mara akiificha kwa biti nyingine aliyoipokea kutoka angani. Wa pili huifichua kwa biti zake mwenyewe, akaikubali pale tu marudio yote yanapoafikiana, na yasipoafikiana hutangaza kwamba itupwe. Hapo ndipo ilipo hekima yenyewe: wao huchagua mahali walipobahatika kupatana, ilhali mdukuzi hana hiari, hubaki na makosa yake palepale. Makosa machache yaliyosalia husahihishwa kwa kulinganisha jumla za biti zao, kama ni shufwa au witiri, kisha biti nyingi hukamuliwa ziwe chache, kwa njia waliyoieleza Bennett, Brassard na Robert mwaka 1988, hata ayajuayo adui yakawa karibu na si kitu.

Mwaka huo huo wa 1993 Rudolf Ahlswede na Imre Csiszár walitoa kanuni: adui asipokuwa na chanzo chake cha biti, ila masikio tu, kadiri ya ufunguo ni sawasawa na kadiri ya habari ambayo vyanzo vya wale wawili vinashirikiana. Akiwa nacho, na wawili wakajibizana watakavyo, kanuni ya kutosha hali zote haijapatikana hata leo.